Mashine inasema silinda ya 3 inamisi. Hiyo 3 unaihesabu kutokea wapi? (Uzi wa namba za silinda na fayaringi oda)

Spana_Kumi:
Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu naufungua nikiwa na hasira kidogo. Wiki iliyopita nimepokea magari mawili hapa gereji, yote yanamisi (silinda inakosa kuwaka), yote yameshapita mikononi mwa mafundi wengine, na yote yamebadilishiwa kifaa kizima huku kibovu kikiachwa palepale. Kosa ni moja. Mtu kachomeka mashine, kaona kodi ya hitilafu (siyo ya TRA), kasoma namba ya silinda, halafu akaanza kuhesabu kutokea upande aliosimama yeye.

Silinda haihesabiwi kutokea ulipo wewe. Inahesabiwa kutokea upande wa puli, yaani kule zinakozunguka beti za feni na altaneta, kwenye mnyororo au beti ya taimingi. Iliyo karibu na puli ni namba 1, halafu unaelekea upande wa flaiwili na gia boksi. Kwa injini ya mstari mmoja huna la kufikiria zaidi ya hapo, isipokuwa magari machache ambayo nina uhakika wazee humu watayataja kabla sijamaliza kuandika.

Kwenye IST, Vitz, Spacio, Premio na ndugu zao, injini imelala kiubavu. Ukisimama mbele ya bampa ukaangalia injini, puli iko mkono wako wa kushoto, upande wa dereva. Kwa hiyo 1, 2, 3, 4 zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, kama maandishi. Ila ukikutana na Honda za zamani zenye injini za D na B, puli iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo unasoma kama Kiarabu. Injini hizo hata mzunguko wake ni kinyume na mshale wa saa. Usikariri kushoto na kulia, tafuta puli.

Sasa fanya hesabu: ukihesabu kutokea upande usio sahihi kwenye injini ya silinda nne, 3 inageuka kuwa 2, na 1 inageuka kuwa 4. Mtu kabadilisha koili (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche) ya 2 akidhani ni ya 3, gari bado inamisi, anakwambia "basi tatizo ni kontroli boksi," yaani kompyuta ya injini.

Fayaringi oda, yaani zamu ya silinda kuwaka, inakuja, ngoja nipige chai.

Chumvi_Nyingi:
Nimekaa paleee na kahawa. Mkuu usichelewe, chai ya mafundi huwa inaisha saa kumi jioni.

MamaIST:
Spana_Kumi shikamoo. Umeniandika mimi kabisa. IST yangu ilitoa P0303 (kodi ya silinda ya 3 kumisi), fundi akaniambia koili ya silinda ya tatu imekufa. Nikatoa elfu 85 nikanunua koili. Ikatulia siku mbili (au nilijifariji tu), taa ikarudi, P0303 tena. Jana amesema sasa ni injekta, ile inayonyunyiza mafuta. Kabla sijatoa pesa nyingine naomba ushauri.

Spana_Kumi:
Marahaba dada. Usinunue kitu. Koili mpya iko wapi, kwa kuhesabu kutoka upande wa dereva? Fungua boneti, hesabu koili, uniambie iko ya ngapi. Mpya utaijua kwa kutokuwa na vumbi.

MamaIST:
Ya pili.

Chumvi_Nyingi:
😂😂😂 Wakuu mimi naondoka.

Spana_Kumi:
Haya. Kesho gari ikiwa imepoa, zima swichi, chomoa koili ya namba 3 uipeleke namba 1, ya namba 1 uilete namba 3. Ni boliti moja moja ya kumi na soketi ya waya, usivute waya, bana kile kidole cha plastiki. Futa kodi kwa ile mashine, endesha kidogo. Ikirudi P0301, koili ndiyo mbovu kwa sababu ugonjwa umehama nayo. Ikirudi P0303, koili haina kosa, hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Injekta ni ya mwisho. Hamna shilingi hata moja unayotoa hadi hapo.

Sasa tuingie kwenye fayaringi oda.

Namba ya silinda ni jina tu, kama namba ya nyumba mtaani. Haisemi nani anawaka kwanza. Zamu ya kuwaka ina mpangilio wake, na kwa injini nyingi za silinda nne za mstari ni 1-3-4-2. Mwanafunzi wangu aliniuliza, kwa nini isiwe 1-2-3-4 watu wakapumzika? Jibu liko kwenye umbo la krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni.

Krenki ya silinda nne imekunjwa hivi: pistoni ya 1 na ya 4 zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ya 2 na ya 3 nazo ni pacha, wakati wao wako juu wale wa pembeni wako chini. Kama pedeli za baiskeli, moja juu moja chini. Sasa 1 imewaka, imesukumwa chini. Nani amefika juu tayari kuwaka? Ni 2 na 3 peke yao. 4 haiwezi, iko chini na 1. Kwa hiyo baada ya 1 lazima ije 3 au 2, baada ya hapo lazima ije 4, halafu inamalizia aliyebaki. Ukikaa ukachora utaona kuna mipangilio miwili tu inayowezekana: 1-3-4-2 na 1-2-4-3. Hiyo ya pili ipo kwenye magari pia, kwa mfano injini za Ford Kent za Uingereza zilikuwa nayo. Na ukiitazama vizuri ni ileile ya kwanza ikisomwa kinyumenyume.

Kila silinda inahitaji krenki izunguke mara mbili ili imalize kazi zake nne: kuvuta hewa, kugandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Mizunguko miwili ni nyuzi 720. Gawa kwa silinda nne, kila nyuzi 180 kuna moja inawaka. Kama mmewahi kuona wanawake wanne wanatwanga kwenye kinu kimoja, mchi wa mmoja ukipanda wa mwingine unashuka, kinu hakipumziki. Mmoja akikosa zamu, utasikia kwa masikio kabla hujaona kwa macho. Misi ndiyo hiyo.

Kijana_Msamvu:
Mkuu hapo kwenye 1 na 4 kupanda pamoja ndipo ninapochanganyikiwa siku zote. Kama zote ziko juu kwa wakati mmoja, mbona haziwaki pamoja?

Spana_Kumi:
Swali zuri, na ndilo lililowahi kunitoa jasho.

Kila pistoni inafika juu mara mbili katika zile nyuzi 720. Mara ya kwanza imegandamiza mchanganyiko, valvu zote zimefunga, iko tayari kuwaka. Mara ya pili inamalizia kutoa moshi, valvu ya kutolea inakaribia kufunga na ya kuingizia inaanza kufunguka. Pacha wawili wakifika juu pamoja, mmoja yuko kwenye kugandamiza, mwenzake yuko kwenye moshi. Mafundi wa zamani walikuwa wanarekebisha tapeti (nafasi ya valvu) kwa siri hii. Unaangalia valvu za namba 4, ukiona zinapishana, moja inafunga nyingine inafungua, basi unajua namba 1 iko juu ikiwa imegandamiza na tapeti zake ziko huru. Hesabu ya haraka: 1 na 4 pacha, 2 na 3 pacha.

Sasa kisa changu. Nikiwa bado nashika taa kwenye gereji ya mtu, niliachiwa Corolla 110 ya injini ya 5A nibadilishe waya za plagi. Injini hiyo ina distribyuta: rota inazunguka ndani ya kepu na kugawa cheche kwa kila waya kwa zamu. Nikachomoa waya zote nne kwa mpigo bila kuweka alama. Nikajiambia, kuna shida gani, kepu ina matundu manne, silinda ni nne. Nikazungusha waya kwenye kepu 1, 2, 3, 4 kama mtu anayegawa karanga. Swichi. Ile gari ilipiga bunduki kupitia kwenye eya klina hadi mwenye duka la jirani akatoka nje. Fundi mkuu hakunigombeza. Alikuja, akachomoa plagi ya namba 1, akaniambia weka kidole kwenye tundu. Yeye akashika boksi spana kwenye boliti ya puli, akazungusha taratibu. Nikasikia upepo unasukuma kidole changu, unakitoa kwa nguvu. "Hapo ndipo inapogandamiza," akasema, akaendelea kuzungusha hadi alama ya puli ikafika kwenye sifuri. Akafungua kepu, akanionyesha rota inatazama tundu gani. "Hilo tundu ni la namba 1. Yanayofuata unafuata rota inakoelekea, 3, 4, 2."

Tangu siku hiyo sichomoi waya ya pili kabla ya kurudisha ya kwanza.

Mzee_Pijo:
Hamjambo vijana. Mimi niko Nakuru, nimestaafu. Fundi amesema wazee watataja magari machache, basi nayataja. Peugeot 504, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya, station wagon za matatu za masafa marefu. Ile injini namba 1 iko upande wa flaiwili, yaani nyuma karibu na dashibodi, si kwa rejeta. Faya oda ni ileile 1-3-4-2. Nimeona kijana mzuri kabisa wa jua kali akiisumbua Pijo kutwa nzima kwa sababu alianza kuhesabu kutoka kwa feni. Abiria wamekaa kando ya barabara wanamwangalia, mwingine ana kuku kwa mkoba.

Na mchezo ni huu: ukigeuza hesabu, 1 inakuwa 4, 4 inakuwa 1, 3 inakuwa 2. Waya zote nne ziko kwa silinda ya pacha wake. Injini haiwaki, inatema moto kwa kabureta. Magari mengi ya Ufaransa yana tabia hiyo ya kuanzia kwa flaiwili, kwa hivyo mkiona Peugeot, Citroën au Renault, soma kwanza.

Spana_Kumi:
Mzee shikamoo, na asante. Naongezea kwenye mchezo wako: ukigeuza 1-3-4-2 namba zote upande wa pili inakuwa 4-2-1-3. Ukianza kuisoma kwenye 1 inakuwa 1-3-4-2. Oda haibadiliki, ila cheche zote zinakuja mzunguko mzima kabla ya wakati, pistoni ikiwa kwenye moshi. Ndiyo sababu inatema na haiwaki kabisa. Tofauti na mtu aliyekosea mwelekeo wa rota, akapanga waya sahihi lakini kinyume: huyo 1 na 4 zake zinawaka vizuri, 2 na 3 zimebadilishana. Injini inaweza kuguna na hata kushika, ila inatetemeka kama ina homa. Ukisikia hivyo, badilishana waya za 2 na 3 kwanza kabla ya kufungua kitu.

Mzee_Pijo:
Marahaba. Sawa kabisa, umeeleza vizuri kuliko mimi.

Dereva_wa_Mkonga:
Na sisi wa dizeli? Hatuna plagi za cheche, hatuna koili. Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ.

Spana_Kumi:
Dizeli ndiyo raha. 1HZ ni silinda sita mstari, oda yake 1-4-2-6-3-5. Badala ya waya una mabomba ya chuma kutoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, na ukiyachanganya ni kosa lilelile. Sita ina pacha tatu: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, na kila nyuzi 120 kuna moja inawaka. Sita nyingine kama 1G na 1JZ za Toyota, na BMW za mstari, ni 1-5-3-6-2-4. Soma hiyo kinyumenyume uone inakupa nini.

Kujua silinda ipi ya dizeli haifanyi kazi: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), legeza nati ya bomba kwenye nozeli moja moja, weka kitambaa, kaa mbali na uso. Ukilegeza ya silinda nzima, mlio unabadilika, injini inalemewa. Ukilegeza ukaona hakuna tofauti, huyo ndiye mgonjwa. Wengine wanarushia matone ya maji kwenye matawi ya manifodi mara tu baada ya kuwasha injini baridi. Tawi lenye silinda iliyolala, maji yanatiririka tu, mengine yanachemka papo hapo. Nimeona mzee mmoja anafanya hivyo kwa chupa ya maji ya kunywa, hana mashine hata moja, na hakosei.

Boksa_Mwekundu:
Mbona Subaru mmeipita kimya kama mnadaiwa?

Spana_Kumi:
Haha. Injini ya EJ, silinda zimelala pande mbili. Ukikaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele, mkono wako wa kulia kuna 1 na 3, kushoto kuna 2 na 4. Zilizo mbele kwa rejeta ni 1 na 2. Oda ni 1-3-2-4. Kwa hiyo kulia inawaka mara mbili mfululizo, halafu kushoto mara mbili. Ukiongeza na zile manifodi za zamani ambazo mabomba yake hayalingani urefu, ndiyo unapata ule mngurumo ambao mnausikiliza usiku mkiwa mmelala kama wimbo wa harusi. Na pacha hapo ni 1 na 2, kisha 3 na 4, siyo kama mstari. Zenye koili moja kubwa iliyokaa juu ya injini, inapiga cheche kwa pacha wote wawili pamoja. Ya mmoja inafanya kazi, ya mwenzake inapotelea kwenye moshi. Ndiyo maana ukiona P0301 na P0302 zimekuja pamoja, usikimbilie plagi, angalia koili.

Akili hiyohiyo itumieni kwenye Harrier za V6, injini ya 1MZ. Namba 1, 3, 5 ziko nyuma upande wa dashibodi, 2, 4, 6 ziko mbele kwa rejeta. Oda ni 1-2-3-4-5-6, rahisi kuliko zote, inaruka nyuma mbele, nyuma mbele. Plagi za mbele unazifikia ukiwa umekaa. Za nyuma hadi ufungue manifodi ya hewa. Sasa kuna mafundi wanakuuzia plagi sita, wanafunga tatu za mbele, tatu wanabaki nazo. Ukipata P0301, P0303 na P0305 kwa pamoja wiki moja baada ya "sevisi kubwa," unajua ulichofanyiwa.

Kijana_Msamvu:
Vitz ya bibi yangu ina silinda tatu. Hizo zinawaka vipi?

Spana_Kumi:
1KR ni 1-2-3, kila nyuzi 240. Msalimie bibi.

Nyundo_Houston:
Salaam kutoka Texas. Nipo gereji huku mwaka wa tisa, wacha na mimi nichangie kuhusu V8, maana hapa ndipo nilipoelewa maneno ya Spana_Kumi kwamba namba ni jina tu.

Chevrolet ya zamani, ile V8 ndogo iliyoanza 1955, oda yake ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ford 302 ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Nilizikariri kama dua, kila moja peke yake. Siku moja bosi wangu akanipa kipande cha boksi na kalamu. Chevrolet inahesabu kwa kurukaruka: kushoto kwa dereva 1, 3, 5, 7, kulia 2, 4, 6, 8. Ford inamaliza upande mmoja kwanza: kulia 1, 2, 3, 4, kushoto 5, 6, 7, 8. Akasema chora mishale inavyowaka, bila namba, mahali tu. Nikachora zote mbili. Anzia silinda ya mbele kulia: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia... Michoro ikatoka ileile. Injini mbili za kampuni hasimu zinawaka mahali palepale kwa zamu ileile, ila kila mmoja kazipa nyumba namba zake.

Boksi lenyewe bado ninalo.

Spana_Kumi:
Mkuu hiyo sikuijua. Nimechora sasa hivi nyuma ya risiti ya oili. Kweli tupu.

Chumvi_Nyingi:
Na mimi nimechora. Yangu imetoka kama ramani ya Kariakoo.

MamaIST:
Wakuu nimerudi na ripoti.

Asubuhi nimehamisha koili ya 3 kwenda 1. Boliti zile ndogo zimenitesa lakini zimetoka. Kaka yangu akafuta kodi, nimezunguka mtaa mara tatu. P0303 imebaki palepale. Tukahamisha plagi, ya 3 ikaenda 1. Taa ikawaka tena kabla sijafika sokoni: P0301! Kaka akaitoa tena ile plagi, kauri yake nyeupe ina ufa mwembamba kama unywele, unaonekana ukiigeuza juani. Nimenunua plagi nne mpya na mpaka sasa gari imetulia, hata kwenye foleni haitetemeki.

Spana_Kumi:
Safi sana dada! Umefanya kazi kuliko yule fundi. Sasa ile koili yako ya zamani ya namba 2 itunze, ilikuwa nzima, utaihitaji siku moja.

MamaIST:
Alienda nayo. Alisema mbovu wananunua kwa kilo. Nimempigia mara nne, hapokei.

Chumvi_Nyingi:
Jaribu kupiga kwa oda: 1-3-4-2.